Klabu ya bolsi pwani ya Sussex: makocha wazuri, mwamuzi bora zaidi

Klabu ninayoizungumzia iko katika mji mdogo wa pwani ya Sussex, kusini mwa Uingereza, si mbali na Worthing, na nimechagua kutoitaja jina kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema yanawagusa watu wanaojitolea bila kulipwa hata senti. Ina uwanja mmoja wa nyasi wenye njia sita za kuchezea, jengo la mbao ambamo watu hubadilisha viatu na kunywa chai, na huduma mbili ambazo mwanachama huzipata kwa ada moja: mafunzo ya wanaoanza, na usimamizi wa mechi unaofanywa na mwamuzi pamoja na waweka alama. Wengi hujiunga kwa ajili ya ile ya kwanza. Baada ya kuzitumia zote mbili, naona kwamba ya pili ndiyo iliyo bora, ndiyo inayomgeuza mrushaji kuwa mchezaji, na kwa bahati mbaya ndiyo ambayo viongozi wa klabu wanaipa uzito mdogo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, bolsi huchezwa juu ya nyasi zilizokatwa chini kabisa, katika uwanja wenye urefu wa kati ya mita 31 na 40, uliozungukwa na mtaro mfupi. Mchezaji husimama juu ya mkeka wa mpira na kuviringisha tufe lenye uzito usiozidi kilo 1.59 kuelekea jeki, yaani tufe dogo jeupe au la manjano ambalo hutangulizwa kwanza na ambalo ni lazima lisimame umbali usiopungua mita 23 kutoka mstari wa mbele wa mkeka. Tufe la mchezaji si duara kamili. Umbo lake limeelemea upande mmoja, kwa hiyo kadiri mwendo wake unavyopungua ndivyo linavyozidi kupinda kuelekea upande huo. Duru ikiisha, yaani matufe yote yakiwa yamekwisha kurushwa kuelekea upande mmoja, kila tufe lako lililo karibu na jeki kuliko tufe bora la mpinzani hukupa pointi moja, na katika mchezo wa mmoja kwa mmoja anayetangulia kufikisha pointi 21 ndiye mshindi. Maelezo hayo humtosha mtu kuanza kucheza siku hiyohiyo, na ni kweli kwamba wapo waliocheza miaka kumi bila kujua zaidi ya hapo.

Sehemu hii ya pwani ina historia yake katika mchezo huu, maana mashindano ya dunia ya wanaume yalifanyika Worthing, katika viwanja vya Beach House Park, mwaka 1972 na tena mwaka 1992. Mtu anayejiunga na klabu ya hapa ana haki ya kutarajia kiwango, na kwa upande wa makocha kiwango kipo.

Mafunzo hutolewa jioni moja katikati ya wiki na Jumamosi asubuhi, kuanzia mwisho wa Aprili uwanja unapofunguliwa hadi Septemba unapofungwa ili nyasi zitunzwe. Makocha ni wanachama wa kawaida waliopata vyeti kupitia Coach Bowls, chombo kinachoandaa makocha wa mchezo huu nchini Uingereza. Anayeanza halazimiki kununua chochote, ila ni lazima aje na viatu vyenye soli bapa isiyo na kisigino, kwa kuwa kisigino huacha shimo katika nyasi zile, na mtunza uwanja hasahau sura ya mtu aliyemtobolea nyasi zake. Matufe huazimwa kutoka kabati la klabu. Kocha hakupi tufe lolote lililo karibu. Anakutaka ulizungushie vidole gumba na vidole vya kati vya mikono yote miwili, na ncha zikikutana bila kujilazimisha, saizi hiyo ndiyo yako. Katika klabu nyingine niliyowahi kuitembelea, wageni waligawiwa matufe makubwa kuliko viganja vyao, kisha wakaambiwa kwamba wanashindwa kwa sababu hawana nguvu ya mkono.

Somo la kwanza lilikuwa limepangwa vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu jeki haikuwekwa uwanjani kabisa. Kocha alitandika mkeka, akavuta uzi mweupe kutoka katikati yake hadi kwenye kijiti alichokichomeka ukingoni mwa uwanja, upande wa kulia wa njia yetu, akatuambia tusahau kwamba kuna shabaha katikati. Tufe linalopinda halielekezwi kwenye jeki. Huelekezwa kwenye mstari ulio pembeni yake, nalo hurudi lenyewe. Kisha akapiga goti kando ya mkeka, na muda wote tuliporusha hakuutazama mkono wa mtu hata mara moja. Alitazama vidole vya mguu. Mguu wa nyuma ulipoelekea kushoto kidogo, alijua tufe litaishia kushoto kabla halijaondoka mkononi, na alisema hivyo kwa sauti ya chini ambayo mrushaji pekee aliisikia. Alipotaka kuonyesha tofauti kati ya kuliweka tufe na kulidondosha, alimwita kila mmoja aje aone alama ndogo ya duara iliyobaki kwenye nyasi pale tufe lilipotua kutoka juu, akaifuta kwa nyayo ya kiatu chake, kisha akaweka tufe lake chini bila sauti wala alama.

Jambo jingine walilolifundisha kwa ustadi ni kasi ya uwanja. Kasi hiyo hupimwa kwa sekunde ambazo tufe linatumia tangu kuachwa mkononi hadi kusimama umbali wa mita 27, na kinachowachanganya wanaoanza ni kwamba sekunde zikiwa nyingi, uwanja ndio una kasi zaidi, kwa kuwa tufe lililosukumwa polepole bado linafika. Viwanja vya nje vya Uingereza, vyenye udongo mzito na mvua nyingi, huwa vizito. Vile vya New Zealand husifika kwa wepesi kiasi kwamba mchezaji aliyetoka huku hupitisha kila tufe hadi mtaroni. Kocha alitufanya tuhesabu kwa sauti, wote kwa pamoja, tufe la kila mtu lilipokuwa likienda, na baada ya nusu saa hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini uwanja wa saa kumi na mbili jioni, umande ukianza kushuka, si uwanja ule wa saa tisa alasiri.

Nawasifu pia kwa namna wanavyowapokea watu wasioweza kuinama. Shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, alifuatana nami akidhani atakaa tu kwenye benchi. Kocha alimletea fimbo maalumu yenye kishikio kinacholibana tufe kwa chini, ambayo inamwezesha mtu kurusha akiwa amesimama wima, na kifaa hicho kinaruhusiwa hata katika mashindano kwa anayekihitaji. Tatizo lilikuwa kwamba alimwita kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi ya huku.

"Mwambie huyu bwana mimi nina wajukuu," shangazi aliniambia.

"Shangazi, huku ndivyo wanavyomkaribisha mgeni."

"Basi mwambie nimekaribia, ila ajue."

Nilimfikishia kocha ujumbe kwa maneno laini zaidi, na tangu hapo akawa anamwita "Madam", jambo lililomridhisha shangazi kuliko matufe yenyewe.

Kasoro za makocha ni mbili, na ya kwanza ni ndogo. Hawakubaliani wao kwa wao. Wa Jumamosi anataka mrushaji aanze akiwa amesimama, apige hatua moja mbele na kuinama kadiri hatua inavyokwenda. Wa katikati ya wiki anataka mtu aanze akiwa amechuchumaa tayari, na kila anapopingwa humtaja David Bryant, Mwingereza aliyeanza kurusha kwa kuchuchumaa, kiko mdomoni, na akawa bingwa wa dunia wa mchezo wa mmoja kwa mmoja mwaka 1966, 1980 na 1988. Hoja hiyo haisaidii sana, maana Bryant angeshinda hata kama angeanza akiwa amekaa kitini. Anayeanza hupoteza wiki kadhaa akibadilisha mtindo kulingana na siku aliyokuja. Ushauri wangu ni kumchagua kocha mmoja na kubaki naye hadi miguu izoee.

Ya pili ni kubwa. Makocha hawa wanafundisha kurusha, lakini hawafundishi kucheza. Msimu mzima unaweza kupita mwanafunzi akiwa hodari wa kulifikisha tufe karibu na jeki, huku akiwa hajawahi kuambiwa afanye nini jeki ikisukumwa, tufe la mpinzani likiziba njia, au akiwa na pointi mbili mkononi na tufe moja la mwisho ambalo linaweza kuziharibu. Aliyecheza keram barazani anajua kwamba kulenga ni nusu ya kazi tu, na nusu nyingine ni kuisoma meza: kipi kikiguswa kitakwenda wapi, na nani atafaidika. Nilipouliza kwa nini hayo hayamo katika mafunzo, nilijibiwa kwamba mtu huyajua kwa kucheza. Jibu hilo lina ukweli, lakini kwa mlipa ada ni sawa na kumwambia ajifundishe mwenyewe.

Aliyenifundisha kuisoma njia ni mwamuzi, na hata hakuwa na nia ya kunifundisha.

Klabu ina mwamuzi mmoja mwenye cheti cha chama cha waamuzi wa bolsi cha Uingereza, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, ambaye mara moja kila msimu, kabla mashindano ya ndani hayajaanza, huandaa jioni ya kueleza kanuni. Tangazo lake ni karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha viatu. Waliohudhuria tulikuwa wachache, na hapakuwa na kocha hata mmoja miongoni mwetu, jambo ambalo mwamuzi alilitaja bila kulalamika na ambalo mimi nalitaja kwa kulalamika.

Alianza kwa kutandaza vifaa vyake juu ya meza ya chai. Kulikuwa na kipimo cha kamba kinachojivuta chenyewe ndani ya kijumba chake. Kalipa ya chuma kwa ajili ya matufe yaliyobanana na jeki kiasi kwamba kamba haipiti. Bamba nyembamba za kupimia mianya ya milimita chache. Kabari za mbao. Kioo kidogo chenye mpini. Chaki ya kawaida na chaki ya kupulizia. Kisha akatutoa nje na kuyapanga matufe kumi na mawili kuzunguka jeki kwa namna ambayo kila swali alilotaka kulijibu lilikuwa limelala pale kwenye nyasi.

Tufe la kwanza aliloligusa lilikuwa limeegemea jingine. Hakupima mara moja. Alichuchumaa, akatelezesha kabari mbili chini yake, moja kila upande, taratibu kama anayemwekea mtoto mto, ndipo akaliondoa lile lililokuwa likiliegemeza, ambalo pointi yake ilikuwa imekwisha kukubaliwa. Bila kabari, alisema, tufe lingeviringika na pande zote mbili zingebishana kuhusu kitu ambacho hakipo tena. Alipima kutoka sehemu ya jeki iliyo karibu zaidi hadi sehemu ya tufe iliyo karibu zaidi, akarudia kwa tufe la pili, kisha akarudi kwa la kwanza ili kuhakikisha kwamba kamba haikusogea. Yote matatu yalifanyika kimya. Baadaye alitueleza kwamba mwamuzi huuliza jambo moja tu anapoitwa, nalo ni matufe gani yanayobishaniwa. Hapimi mengine, hatoi maoni, na wachezaji husogea pembeni hadi amalize. Umbali ukiwa sawasawa kabisa, hakuna anayepata pointi, na duru huhesabiwa kuwa imechezwa.

Kisha akafika kwenye mtaro. Tufe likiangukia humo bila kuigusa jeki limekufa, na huondolewa. Lakini tufe lililoigusa jeki njiani huwekwa alama ya chaki, na tufe hilo, hata likitumbukia mtaroni, bado ni hai na linaweza kushinda duru. Alama hiyo ina muda wake: kama haikuwekwa au tufe halikutajwa kabla tufe linalofuata halijasimama, haki hiyo inapotea. Makocha walikuwa wametuonyesha chaki na kusema ni desturi. Hawakuwa wamesema kwamba ndani ya chaki hiyo mna mbinu nzima ya mchezo, kwa kuwa mchezaji mwenye tufe la chaki anaweza kuipiga jeki kwa nguvu hadi mtaroni akijua kwamba lake litabaki kuhesabiwa huku ya mpinzani yatakayoingia humo bila kuigusa jeki yakifa. Nilipolielewa hilo nilianza kuona kwa nini wakongwe wa klabu hufurahia kuigusa jeki hata pale ambapo mguso wenyewe hauwapi pointi.

Alieleza pia kosa la mguu kwa namna iliyomaliza ugomvi wa makocha wawili bila kuwataja. Kanuni inasema kwamba wakati tufe linaachwa, mguu mmoja, mzima au sehemu yake, uwe umekanyaga mkeka au uwe hewani juu yake. Kwa hiyo anayepiga hatua na anayechuchumaa wote wako sawa, mradi mguu wa nyuma hauvuki ukingo wa mbele kabla ya mkono kuachia. Anayekosea mara ya kwanza huonywa na mwamuzi. Akirudia, tufe lake husimamishwa na kuhesabiwa limekufa. Mwamuzi alitusimamisha mmoja mmoja mkekani, akalala kifudifudi kwenye nyasi ili aone nyayo zetu, na wawili miongoni mwetu waliofundishwa hatua ndefu waligundua kwamba mguu wao wa nyuma huwa umekwisha kuondoka. Kocha anayeangalia vidole kwa umakini ule niliousifu angeweza kuliona hilo tangu mwanzo kama angekuwa na kanuni akilini.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ilihusu mweka alama. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja hakuna nahodha wa kukuelekeza kutoka upande wa pili, bali kuna mweka alama, anayesimama nyuma ya jeki na pembeni kidogo, akiiweka jeki katikati ya njia, akiyatia chaki matufe yanayostahili na akijibu maswali. Hujibu swali aliloulizwa, wala haongezi. Ukimuuliza kama una pointi, atakujibu kama unayo; hatakwambia kwamba una mbili, wala kwamba tufe la mpinzani liko nyuma yako kwa unene wa kidole. Wala si kila mtu anayeweza kuuliza wakati wowote, kwa sababu njia ni ya yule ambaye ni zamu yake kurusha, na tufe lake likishasimama haki hiyo huhamia kwa mwenzake. Mwamuzi alitufanyisha zoezi: mmoja arushe, wengine wapange matufe, na mrushaji aruhusiwe kuuliza swali moja tu kabla ya tufe lake la mwisho. Aliyeuliza "Niko vipi?" alijibiwa kwa ukimya. Aliyeuliza tufe lipi la mpinzani liko karibu zaidi na jeki, na liko upande gani, alipata habari ya kutosha kuamua kama asogee taratibu au apige mkwaju. Kwa zoezi hilo moja nilipata mafunzo ya mbinu ambayo sikuwa nimeyapata kwa makocha, na yalikuwa yametoka katika kanuni zenyewe, zile zinazochapishwa na World Bowls, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, na ambazo sasa zimefikia toleo la nne. Yeyote aliyedhani kwamba kitabu cha kanuni ni cha wagomvi angebadili mawazo jioni ile.

Lalamiko langu kubwa linatokana na hapohapo. Katika raundi ya mapema ya mashindano ya ndani nilipangwa na mwanachama ambaye bado alikuwa mwanafunzi wa mmoja wa makocha, na mweka alama aliyeteuliwa alikuwa kocha wake huyohuyo. Tufe la mwenzangu lilipopita mbali, mweka alama alimwonyesha kwa viganja, bila kuulizwa, umbali ambao lilikuwa limepita. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Naamini hakukusudia ubaya. Alikuwa anafundisha, kama anavyofundisha kila Jumamosi, akasahau kwamba siku hiyo alikuwa na kazi nyingine. Matufe mawili yalipokaribiana aliinama, akatupa jicho na kutangaza pointi ni ya nani, kamba ikiwa mfukoni. Niliomba mwamuzi aitwe. Alikuja kutoka njia ya mwisho, akauliza matufe gani yanabishaniwa, akapima, na kumpa mpinzani wangu pointi. Sikuwa na neno, kwa maana kipimo kilikuwa wazi na uamuzi wake juu ya jambo la aina hiyo ni wa mwisho. Rufaa huwezekana tu pale tafsiri ya kanuni yenyewe inapobishaniwa. Jicho la kocha halikukosea. Lakini mshindani hapaswi kulazimika kuamini jicho la mwalimu wa mpinzani wake wakati kuna kamba.

Niliiandikia kamati, na nilijibiwa kwa barua ya heshima iliyosema kwamba wanaojitolea ni wachache. Ni kweli, na sioni aibu kulikubali hilo: mwamuzi mmoja hawezi kuwa katika njia sita, na kazi ya mweka alama ni saa tatu za kusimama juani au kwenye upepo wa bahari kwa malipo ya kikombe cha chai. Hata hivyo ninachokitaka hakihitaji mtu wa ziada. Kinatosha kifungu kimoja katika taratibu za mashindano kinachomzuia kocha kumwekea alama mwanafunzi wake, na ombi la lazima kwa makocha kuhudhuria ile jioni ya mwamuzi. Hadi ninapoandika, kifungu hicho hakijawekwa.

Kuhusu mambo mengine, nayasema kwa haraka. Ada ya mwaka ni nafuu kuliko miezi minne ya ukumbi wa mazoezi ya mwili katika mji huohuo, na matufe yaliyotumika hupatikana kwa wanachama wanaostaafu, ingawa ni busara kuangalia kama muhuri wake wa World Bowls bado una uhalali wa mashindano kabla ya kulipa. Mavazi meupe yanatakiwa katika mechi rasmi tu. Mazoezini watu huvaa wanachotaka. Jengo lina baa, lakini chai haikosekani na hakuna anayemuuliza mtu kwa nini hanywi kitu kingine. Kwa wenye kuswali, mechi za jioni za mwezi Juni hazileti shida ya Magharibi, kwa kuwa jua huku huzama saa tatu na robo usiku. Septemba ni habari nyingine, na nahodha akiambiwa mapema hukubali mapumziko mafupi kati ya duru. Watoto wanaruhusiwa wakiwa na mzazi. Choo cha wenye viti vya magurudumu kipo, ila njia ya kokoto inayokwenda huko ni mbaya na imekuwa mbaya kwa muda mrefu.

Nawapa makocha nyota tatu na nusu kati ya tano, nusu hiyo ikiwa ya yule aliyepiga goti kando ya mkeka. Mwamuzi nampa tano. Na usimamizi wa mashindano kwa ujumla, ambao si kosa la mwamuzi, nampa mratibu wake mbili. Anayetaka kupitisha jioni nzuri hewani na kujua kurusha tufe lifike karibu ataridhika na klabu hii bila kusoma kanuni hata moja. Anayetaka kushindana ajiunge mwezi Aprili, kwa sababu anayejiunga Juni huwa amekwisha kuikosa jioni ya mwamuzi na itambidi asubiri mwaka mzima. Na kwa kuwa tarehe yake haitajwi kwenye fomu ya uanachama, aiulize dirishani kabla ya kulipa, kisha aende mwenyewe nyuma ya mlango wa chumba cha viatu kuihakikisha.